Ukoo wa Peavey, Magogo na Mstari Mmoja Usio na Ushahidi

Kwa sisi tunaoandika programu, neno "logi" lina maana moja tu: lile faili ambamo mfumo huandika kila unachofanya, ili ukianguka usiku wa manane ujue pa kuanzia. Leo nazungumzia magogo yenyewe, ya miti. Kwa Kiingereza neno ni lile lile, na si kwa bahati. Mabaharia wa zamani walitupa kipande cha gogo baharini kikiwa kimefungwa kamba yenye mafundo, wakapima mwendo wa meli, kisha wakaandika walichopata kwenye daftari. Daftari likarithi jina la gogo, na kompyuta ikarithi jina la daftari.

Basi, kisa chenyewe. Nilipata kibarua kutoka kwa bwana mmoja wa Marekani. Mama yake alikuwa anakaribia kutimiza miaka 90. Alizaliwa katika ukoo wa Peavey, na tangu utotoni aliambiwa kwamba wao ni kizazi cha Joseph Peavey, aliyebuni kifaa cha kugeuzia magogo. Mwanawe alitaka kumchapishia kitabu cha ukoo kama zawadi, jina la Joseph likiwa juu kabisa. Alikuwa na faili lenye watu zaidi ya 4,000, mengi akiwa ameyachota kwa jamaa wa mbali mtandaoni. Kazi yangu: niandike programu ya kusafisha faili na kuonyesha njia kutoka kwa mama hadi kwa Joseph.

Joseph Peavey alikuwa mhunzi wa Stillwater, karibu na mji wa Bangor, jimbo la Maine. Katika miaka hiyo Bangor ilikuwa kati ya bandari kubwa za mbao duniani. Miti ilikatwa msituni wakati wa baridi, na theluji ilipoyeyuka magogo yalisukumwa mtoni yaelee hadi kwenye viwanda. Yakikwama, watu walisimama juu yake katikati ya maji baridi na kuyachomoa moja moja. Gogo likiachia ghafla, mtu huenda nalo. Kifaa walichokuwa nacho kilikuwa mti mrefu wenye kulabu iliyoning'inia ikiyumba kila upande, na kukamata nayo gogo linaloelea ilikuwa taabu tupu. Katika miaka ya 1850 Peavey aliifunga kulabu hiyo kwa bamba la chuma ili ipande na kushuka tu, isiyumbe, na mwisho wa mti akatia ncha kali. Basi. Mabadiliko madogo, lakini kifaa kikachukua jina lake, na mpaka leo kinaitwa peavey, kwa herufi ndogo. Kazi ya kuelea magogo mitoni ilikwisha huko Maine mwaka 1976, katika mto Kennebec. Jina likabaki.

Hapo ndipo taabu ya kompyuta inapoanzia. Ukitafuta Peavey kwenye mtandao unaletewa vifaa vya magogo, kisha vikuza sauti vya kampuni ambayo Hartley Peavey aliianzisha Mississippi mwaka 1965, kisha watu. Na watu wenyewe wameandikwa Peavey, Peavy, Pevey, Pevy, kila karani na sikio lake.

Kuna dawa ya zamani ya ugonjwa huu, inaitwa Soundex. Robert C. Russell alipata hataza yake mwaka 1918, kabla ya kompyuta. Unabakiza herufi ya kwanza, unatupa irabu, kisha konsonanti zinazofanana kwa sauti unazipa tarakimu moja. Peavey inakuwa P100. Pevy nayo P100. Safi sana! Lakini Pope pia ni P100. Kwa hiyo Soundex inakupa wa kuchunguza, haikupi ndugu.

Faili lenyewe lilikuwa la GEDCOM, muundo ulioanzishwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na unaotumika na karibu programu zote za ukoo. Kila mtu ni rekodi, kila familia ni rekodi, na kuna lebo iitwayo SOUR ya kuandika habari umeitoa wapi. Nilichofanya ni kutembea kutoka kwa mama kwenda juu, kila hatua nikiuliza swali moja: huyu kuwa mtoto wa yule, nani kasema?

Hatua za kwanza zilikuwa na vyeti. Zilizofuata zilikuwa na sensa. Sensa ya Marekani ya 1880 ndiyo ya kwanza kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kuorodhesha majina ya watu huru wote nyumbani. Kabla ya hapo waliandika jina la mkuu wa nyumba peke yake, wengine ni idadi tu. Na mwanamume aliyetakiwa kuwa mtoto wa Joseph alikuwa ameshakua na kuondoka nyumbani kwao kabla ya 1850. Mstari wa kumuunganisha na Joseph ulikuwepo kwenye faili, lakini SOUR yake ilikuwa tupu.

Mteja aliniambia, "Lakini miti kumi na mmoja mtandaoni inasema hivyo hivyo." Nikaipitisha yote kwenye programu. Yote kumi na mmoja iliandika Stillwater kwa "l" moja, mahali pale pale. Ukisahihisha kodi za wanafunzi unaijua dalili hii: jibu sahihi linaweza kufanana, lakini kosa likifanana ujue wamenakiliana. Hatukuwa na mashahidi kumi na mmoja. Tulikuwa na mmoja, asiye na jina.

Aliniomba niuache mstari huo, kwani mama ni mzee na nani atajua? Nilimwambia kitabu kikishachapishwa kitakuwa ndicho shahidi wa kumi na mbili. Tukakubaliana nichore nukta nukta badala ya mstari, na chini yake tuandike wazi kwamba ni masimulizi ya familia.

Kisha nikamwonyesha kitu kingine. Kwenye safu ya kazi, sensa ya 1880 ilimtaja babu wa babu yake kuwa mfanyakazi wa magogo mtoni. Huyu alikuwa na ushahidi kamili, na bado hakuna aliyewahi kumsimulia. Mteja akakaa kimya, halafu akaniambia kwamba peavey ya babu huyo ilikuwapo ghalani alipokuwa mtoto, na jina la ukoo wao limegongwa kwenye chuma. Nadhani hadithi ilizaliwa hapo. Mtoto anayejua kusoma anaona jina lake kwenye chuma, atafikiri nini kingine? Mama alipopewa kitabu, nimeambiwa, aliupita ukurasa wa mhunzi upesi akakaa sana kwenye ule wa mtu wa mtoni.

Kwetu Murang'a mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa babake, kwa hiyo Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge wa Kamau, naye humzaa Kamau wa Njoroge. Kwa jina peke yake hutajua unazungumzia mwaka gani. Basi, msomaji, ukienda ushago ukakaa na cucu, andika anayokwambia. Na kando yake andika ni nani aliyekwambia, wapi, na tarehe gani. Usiiache SOUR tupu.

Maswali karibuni. Programu yenyewe ni mistari 200 hivi ya Python, anayeitaka aniambie.