Kiatu cha Mbio na Mwendo wa Mwenyewe

Ikiwa unakaa Temeke, Mbagala, Buguruni au Kinondoni, huenda asubuhi ya leo umeamshwa na nyimbo za kikundi cha wakimbiaji wanaopita barabarani, fulana zao za rangi moja na kiongozi wao mbele na filimbi mdomoni. Watakapopita tena, usiwatazame nyuso, watazame miguu. Huyu anatua kwa kisigino na kishindo kinasikika mpaka barazani. Yule anagusa ardhi kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wa tatu magoti yake yanasalimiana kila hatua, na wa nne ana matege na vidole vyake vimeelekea nje. Kila mmoja ana mwendo wake aliozaliwa nao au aliopewa na kazi yake, na aghalabu viatu alivyovaa vilichaguliwa kwa rangi, au kwa jina lililoandikwa ubavuni, au kwa kuwa ndivyo vilivyokuwapo.

Jambo hili limeingia nyumbani kwetu kwa njia ya dada yangu mkubwa. Ni mshonaji, ana umri wa miaka 58, na zaidi ya miaka 30 ya maisha yake ameipitisha nyuma ya cherehani. Mwaka jana daktari alimkuta na sukari, akamwambia kwamba pamoja na dawa hana budi kutembea kwa haraka, na akiweza kukimbia polepole, nusu saa kwa siku, angalau siku 5 za juma. Dada alikubali kwa moyo mmoja. Lakini magoti yake yalikwisha kuanza kulalamika hata kabla hajapiga hatua ya kwanza, na mimi nilijua kwamba kiatu kibaya kingemrudisha kitini kabla ya mwezi kwisha. Basi suala la raba likawa suala la afya yake, wala si la mapambo.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi viatu. Watoto wake tulijifunza mapema kwamba kiatu kilicholetwa kutengenezwa hakisemi uongo juu ya mwenyewe. Baba alikuwa akikigeuza juu chini, anakitazama kisigino, kisha anasema: huyu anabeba mzigo begani, huyu mguu mmoja mfupi, huyu ni karani, anakaa mchana kutwa. Wateja walidhani ni uganga. Kumbe alikuwa akisoma yale ambayo wewe pia, msomaji, unaweza kuyasoma ukichukua kiatu chako kikuukuu sasa hivi na kukiweka juu ya meza, kisigino kikielekea kwako.

Watu wengi wataona kwamba soli imelika upande wa nje wa kisigino. Usishtuke, hiyo ni hali ya kawaida. Kwa wengi wetu mguu hutua kwa ukingo wa nje wa kisigino, halafu unalala kidogo upande wa ndani, upinde wa wayo unashuka na kupokea uzito, kisha mwili unasukumwa mbele kwa dole gumba. Kule kulala ndani si ugonjwa. Ndiyo njia ambayo mguu, wenye mifupa 26, hupunguza kishindo. Na kishindo hicho katika kukimbia hufika mara 2 au 3 ya uzito wa mwili, kwa hatua zipatazo 1,000 katika kila kilomita. La kuangaliwa ni pale kiatu kizima kinapoinama: ukikitazama kwa nyuma, kimelalia ndani kama nyumba iliyobomoka msingi, au kimelalia nje kabisa, au cha kushoto na cha kulia havifanani. Huyo ndiye mwendo wako, na kiatu kipya kitakutana nao utake usitake.

Nilimpeleka dada kwanza kwenye duka moja la mjini, kwa kuwa alitaka kitu kipya. Kijana wa duka alimtazama miguu kwa kitambo kifupi, akatangaza kwamba nyayo zake ni bapa, kwamba akikimbia bila kiatu maalumu cha kurekebisha mwendo atavunjika magoti, na kwamba kiatu hicho kilikuwa kimoja tu dukani, bei yake shilingi 280,000. Dada, ambaye kwa fedha hiyo angeweza kulipa kodi ya nyumba kwa muda, alinitazama kwa macho ya mtu aliyehukumiwa. Tukatoka.

Haikuwa ubahili. Kwa miaka mingi wauzaji na hata waganga walifundishwa kwamba mguu bapa upewe kiatu kigumu upande wa ndani, na mguu wenye upinde mkubwa upewe kiatu laini. Jambo hilo linaonekana la akili, na ndiyo maana lilidumu. Lakini limepimwa. Majeshi ya Marekani yaligawa viatu kwa makurutu wa jeshi la nchi kavu, la anga na wale wa majini: baadhi yao walipewa kulingana na umbo la wayo, na wengine walipewa aina moja tu bila kuangalia wayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 na 2010, na tofauti ya walioumia ilikuwa ndogo mno. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walitoa habari za watu 927 walioanza kukimbia, wote wakiwa na viatu vya kawaida visivyorekebisha chochote. Wenye miguu inayolala ndani hawakuumia zaidi ya wenzao. Mwaka uliofuata, Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary huko Canada, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza viatu vya michezo, alipendekeza pamoja na wenzake kwamba mkimbiaji akiongozwa na starehe ya mguu wake mwenyewe, mwili huchagua njia yake na kuishika. Ni pendekezo, si sheria. Lakini mimi limeniingia, maana linafanana na alivyokuwa akifanya baba. Alimvalisha mtu kiatu, akamwambia nenda mpaka kwenye mwembe urudi, kisha akamtazama uso kwanza, miguu baadaye.

Wapo wanaonitajia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio ndefu za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli, na ni sifa kubwa kwa Afrika. Lakini mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hiyo akiwa na viatu miguuni, kwa muda mfupi zaidi. Na hakukimbia juu ya vipande vya chupa vya mitaa yetu.

Tukaenda Karume, Ilala, kwenye raba za mitumba. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu ndipo tunaponunulia, na kwa sababu vitabu vya mbio vya nchi za wenzetu havisemi neno juu yake. Kiatu kipya hakijui mwendo wa mtu yeyote. Kiatu cha mtumba tayari kimefundishwa. Mtu fulani wa Ulaya au wa Marekani amekikimbilia, na sponji iliyo kati ya soli na mguu imebonyea alipopendelea yeye. Ukikivaa, unaingia katika mwendo wake. Na kama yeye alilalia ndani na wewe unalalia nje, goti lako ndilo litakaloamua ugomvi huo.

Kwa hiyo usidanganywe na kiatu kilichofuliwa kikang'aa. Kiweke juu ya ubao ulio sawa, uchuchumae, ukitazame kwa nyuma. Kama kinainama upande wowote, kirudishe, hata kiwe cha jina gani. Kisha toa soli ya ndani, uitazame kwenye mwanga: utaona alama ya vidole vya mwenyewe wa kwanza, na pengine shimo pale dole gumba lilipokuwa likisukuma. Alama nyepesi si neno, shimo ni neno. Bonyeza sponji ubavuni kwa dole gumba. Iwe inazama na kurudi. Ikiwa ngumu kama ukuni, au ina mikunjo mingi midogo kama ngozi ya mzee, imekufa. Wanaojua hukisia kwamba raba ya mbio hudumu kilomita 500 hadi 800, na hakuna muuzaji wa Karume anayejua zimebaki ngapi. Mwisho, kunja kiatu: kikunjike mahali vidole vyako vinapokunjika, si katikati ya wayo kama daftari.

Kuna hila nyingine, nayo si ya muuzaji bali ya hewa. Baadhi ya soli hutengenezwa kwa aina ya plastiki ambayo huharibika kwa unyevu na joto hata ikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa pwani yetu hilo ni balaa. Kiatu kinaonekana hakijaguswa na ardhi, unakinunua kwa furaha, na siku ya tatu soli inameguka kama keki iliyolala. Kwaruza ukingo kwa ukucha kabla hujatoa fedha. Ukitoka unga, ondoka.

Tulizunguka kutwa. Nilikuwa nimemshauri dada twende alasiri, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyoendelea na huvimba zaidi wakati wa kukimbia, hivyo kiatu kinachokutosha saa 1 asubuhi kinaweza kukubana saa 10. Alikuwa na soksi zake alizokusudia kuzitumia. Alivaa vyote viwili, maana mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, na ule mkubwa ndio unaopimiwa. Mbele ya kidole kirefu tuliacha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viliweza kucheza. Kisigino kilishikwa bila kupanda na kushuka. Namba iliyoandikwa ndani hatukuijali sana, kwa kuwa 40 ya kiwanda hiki ni 41 ya kiwanda kile. Kisha nikamwambia akimbie. Katikati ya soko, na gauni lake, mbele ya wachuuzi waliokuwa wakimshangilia, dada yangu alikimbia mpaka kwa muuza maji na kurudi. Jozi ya kwanza alisema inamfinya. Ya pili alisema haina kosa, lakini alisema kwa upole mno, nami nikajua anataka tu twende nyumbani. Ya nne hakusema kitu. Alirudi akapita pale nilipokuwa nimesimama, akaendelea kwenda. Hiyo ndiyo tuliyonunua, kwa shilingi 35,000, nayo ilikuwa na rangi ambayo hakuipenda hata kidogo.

Sasa, msomaji, nina neno kwa wenye sukari, na kwa wanaoishi nao. Kipimo hiki cha starehe kinahitaji mguu unaohisi. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa huua mishipa ya fahamu ya nyayo, na mtu anaweza kutembea na jiwe ndani ya kiatu mchana kutwa asijue, mpaka akute kidonda. Mguu kama huo utasema kiatu ni kizuri wakati kinauchubua. Kwa hiyo kabla ya safari ya Karume dada alirudi kwa daktari, akaguswa nyayo kwa uzi mwembamba huku amefumba macho, akaweza kutaja kila mahali alipoguswa. Laiti asingehisi, tungetafuta kiatu kwa ushauri wa hospitali na si kwa kukimbia sokoni. Hata hivyo aliagizwa kutia mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kila jioni kuzitazama nyayo zake, au kumwomba mjukuu amtazamie, akitafuta wekundu, lengelenge au mpasuko. Mjukuu ana miaka 9 na kazi hiyo anaifanya kwa ukali wa mkaguzi wa mahesabu.

Alianza kwa kutembea dakika 10, akiongeza kidogo kila juma, na mbio akaziingiza mwezi wa tatu, dakika 1 kukimbia na 2 kutembea. Maumivu ya misuli ya siku mbili za mwanzo aliyapuuza kwa ruhusa yangu. Maumivu ya sehemu moja tu, yanayorudi palepale kila mara, kama juu ya ugoko au nyuma ya kisigino, tulikubaliana kwamba hayapuuzwi.

Hivi sasa anatoka na kundi la akina mama wa mtaa wake, na magoti yametulia kuliko yalivyokuwa alipokuwa akikaa tu. Juzi nilikigeuza kiatu chake. Cha kulia kinalika sawasawa. Cha kushoto kimeanza kuliwa zaidi upande wa nje wa kisigino. Baba angetaka kujua ni mkono upi anaobebea kapu la sokoni.