Dakika moja ya kocha

Wadau, leo naweka kibodi kando kidogo. Hakuna programu mpya ya kupakua. Nataka kuandika kuhusu pool, mchezo uliokula jioni zangu nyingi nilipokuwa Minnesota kwa kazi ya mkataba mwaka 2018, na hasa kuhusu sheria moja ambayo wachezaji wengi huiona usumbufu mtupu: ni wakati gani unaruhusiwa kumwelekeza mwenzako akiwa mezani.

Ligi kubwa ya wachezaji wa ridhaa kule Marekani ni APA, iliyoanzishwa na Terry Bell na Larry Hubbart, ambao wenyewe walikuwa wachezaji wa kulipwa. Ukijiunga unapewa kiwango. Katika mchezo wa mipira 8, viwango vinaanzia 2 hadi 7, na jumla ya viwango vya watu 5 mnaowapanga usiku huo haifai kuzidi 23. Piga hesabu uone kama unaweza kujaza mafundi watupu! Lazima uwe na mgeni wa mchezo. Tena mgeni huyo si wa kujaza nafasi tu, maana wa kiwango cha 2 akikutana na wa 7, yeye anatafuta ushindi wa michezo 2 na mwenzake anatafuta 7. Kwa hiyo usiku mzima wa timu unaweza kuning'inia kwa mtu aliyeshika fimbo juzi.

Hapo ndipo midomo inapowasha. Sheria inasema hivi: wa kiwango cha 3 kushuka anaweza kupata ushauri mara 2 katika kila mchezo, na wa 4 kwenda juu mara 1. Kocha anasogea mezani, ana dakika 1, kisha anarudi kuketi. Nje ya hapo, ukimkumbusha mwenzako apake chaki, au aweke alama kwenye shimo anakolenga kuingiza mpira wa 8, hakuna neno. Ukimwambia apige upi ni faulo, na mpinzani anauchukua mpira mweupe na kuuweka anapotaka yeye.

Timu yetu ilikuwa na Wakenya wawili, mimi na dada mmoja wa kutoka Kisii, muuguzi wa zamu ya usiku, kiwango cha 2. Siku moja tulifika mchezo wa mwisho, na yeye alikuwa ameshamaliza nafasi zake zote mbili za ushauri. Mpira wake mmoja ulikuwa umekaa mdomoni mwa shimo, umemzibia mpinzani njia. Ulikuwa rahisi mno, na ndiyo sababu haukufaa kupigwa. Niliona. Neno lenyewe lilikuwa fupi: "Uache." Katika baa nzima hakuna mwingine ambaye angelielewa. Sheria ni kama programu jamani, haiwezi kukagua lugha isiyoijua!

Nilinyamaza. Akauingiza ule mpira, akakosa wa 8, mpinzani akasafisha meza.

Nje, penye magari, kapteni wetu alinijia juu. Kwa nini sikusema kitu, na tuna lugha yetu? Akapendekeza wazi kwamba kuanzia wiki ijayo tutumie Kiswahili. Kabla sijajibu, yule dada alimkatalia kwa Kiingereza, kwa sauti ya wodini. Kisha akanigeukia: "Kaka, usiku kucha kazini naambiwa la kufanya. Hapa niache nikose kwa akili yangu. Ungeniambia, ningekuwa nimewashikia fimbo tu."

Wanaofundisha watu kuandika programu wanajua jambo hili. Ukimnyang'anya mwanafunzi kibodi kila anapokwama, kazi itaisha haraka, na kesho atakuita tena kwa kosa lilelile. Dakika 1 inatosha kumwonyesha kitu kimoja. Haitoshi kumchezea.

Hapa Nairobi tuna meza ofisini, na tumeiga sheria hiyo ya dakika 1, simu ikihesabu. Shida ni kwamba hapa Kiswahili kila mtu anakielewa, na hata mlinzi wa langoni ana maoni yake kuhusu mpira gani upigwe.