Zamu ya Maji: Kutoka Mbotela hadi Birkat al-Mauz

Mbotela, Nairobi

Mbotela ni mtaa wa nyumba fupi za jiji, jirani na Makongeni na Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1950. Umeitwa kwa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha siasa cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, mwana wa James Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*. Waliopanga mitaa ya aina hii huku Eastlands, mashariki ya jiji, walikuwa na hesabu yao: mfanyakazi wa reli, wa kiwanda au wa ofisi, chumba chake kidogo, na maji ya kumtosha. Mabomba yakalazwa kwa hesabu hiyo. Leo familia zimekua, vyumba vya mabati vimejaa uani, na bomba lililokusudiwa watu wachache linadaiwa na watu wengi.

Nilifika siku ya zamu. Mitungi ya njano ya lita 20 ilikuwa imepangwa kuanzia penye mfereji hadi kwenye kona, na hakuna aliyekaa kuilinda, maana kila mtu anaujua mtungi wa jirani yake. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifua ubavuni mwa nyumba kama maji yamefika.

“Huko mbele yamefika, mwanangu. Sisi wa mwisho tunayangoja usiku.”

“Na yakija usiku, mama, nani anayateka?”

“Anayeamka.”

Anayeamka ni yeye, au binti yake aliye na shule kesho. Yakikosa kuja, kuna vijana wa mkokoteni. Mtungi ukiuzwa shilingi 20, lita moja ni shilingi moja, na mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ni shilingi 1,000. Mwenye mfereji na mita nyumbani hulipa chini ya shilingi 100 kwa kiasi hicho hicho. Mtu wa kipato kidogo ananunua maji kwa bei inayozidi mara kumi ile ya mtu wa nyumba kubwa, na bado anayabeba mwenyewe.

Tunapozoea kusema “maji ni kidogo”, tunaacha kuuliza kinachotokea ndani ya bomba. Chukua mtaa unaopewa maji siku mbili kwa wiki. Wiki ina saa 168, siku mbili ni saa 48. Watu wakitaka kujaza mahitaji ya wiki nzima katika saa hizo, maji lazima yapite kwenye bomba kwa kiasi cha mara tatu na nusu. Msuguano ndani ya bomba hauongezeki kwa kiasi hicho tu. Huongezeka karibu kwa mraba wake, yaani takriban mara kumi na mbili. Presha inaliwa njiani. Nyumba zilizo karibu na bomba kuu zinajaza matangi, na nyumba ya mwisho inapata mvumo wa hewa. Mwenye uwezo akifunga pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye laini, anavuta hata kile kidogo kilichokuwa kikienda kwa jirani.

Kisha valvu inafungwa. Bomba linabaki tupu, na penye ufa, maji yaliyokuwa yakivuja kwenda nje sasa yana nafasi ya kuingia ndani. Kama ufa huo uko karibu na mtaro wa majitaka, kinachoingia kinajulikana. Ndiyo sababu akina mama wa Mbotela huacha maji ya kwanza yamwagike mpaka rangi ya kahawia iishe, halafu huchemsha yanayobaki. Maji yalitoka kwenye mtambo yakiwa safi, yamechafuka njiani kwa sababu ya mgao wenyewe. Na bomba linapojaa upya, hewa inayosukumwa mbele huzungusha mita, hivyo mtu anaweza kulipia upepo.

Ndakaini, Murang'a

Maji mengi ya Nairobi huanzia hapa, kwenye Mto Thika, chini ya milima ya Aberdare. Bwawa la Ndakaini lilikamilika 1994 na hubeba mita za ujazo milioni 70. Maji hushuka kwa mteremko hadi mtambo wa Ng'ethu, yakasafishwa, yakaendelea hadi matangi ya Gigiri, na kutoka hapo yakasambazwa. Kabla ya Ndakaini kulikuwa na chemchemi za Kikuyu, kisha bwawa la Ruiru, kisha Sasumua katika miaka ya 1950, miaka ile ile Mbotela ilipojengwa. Kila kizazi cha wahandisi kilikwenda mlimani kutafuta chanzo kipya. Mojawapo ya hatua za karibuni ni handaki la kilomita 11.8 lililozinduliwa 2022, linalochota kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kukusudiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku.

Nilisimama juu ya tuta la Ndakaini nikaheshimu kazi iliyofanyika. Tuta ni refu, limepandwa nyasi, na maji ni mengi kiasi cha kumfanya mtu wa Eastlands asiamini kwamba ni haya haya. Lakini historia ya karibuni inatufunza jambo. Mgao wa sasa ulianza Januari 2017, mvua zilipokosekana na bwawa likashuka. Mvua kubwa za 2024 zililijaza kabisa, na mgao haukuondoka. Jiji limekua kuliko vyanzo vyake, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba karibu nusu ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya Nairobi hayaingii kwenye bili ya mtu yeyote: mengine yanavuja, mengine yanachotwa kwa njia za wizi, mengine yanapita kwenye mita zilizochoka. Maji ya handaki la Murang'a yanaishia kwenye mtandao huo huo.

Dar es Salaam

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatangaza ratiba ya mgao kwa mitaa. Dar inategemea mitambo miwili ya mto huo, Ruvu Juu na Ruvu Chini, kwa hiyo mto ukishuka jiji zima linajua. Wakazi walijaza matangi, visima vya Kigamboni vikaingizwa kwenye mtandao, na mvua ziliporudi shida ikalegea. Serikali ikaendelea na bwawa la Kidunda, mpango wa miaka mingi, ili maji ya masika yasubiri kiangazi.

Ukilinganisha, upungufu wa Dar ulionekana: kila mtu angeweza kwenda Ruvu akatazama kina cha maji. Upungufu wa Mbotela umefichwa chini ya lami. Mkazi hawezi kujua kama leo bwawa limekauka, au bomba limepasuka, au valvu imefungwa mapema, au imefunguliwa kwa mwingine. Akikosa kujua, hubaki na dhana. Dhana ndiyo inayomtajirisha mwenye boza la maji, maana pale ambapo hakuna anayejua zamu ni ya nani, mwenye maji ya kuuza ndiye anayesikilizwa.

Birkat al-Mauz, Oman

Karibu na Nizwa, chini ya Jabal Akhdhar, kuna falaj, yaani mfereji wa kale wa maji, iitwayo Al-Khatmeen, moja kati ya aflaj tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hutoka chini ya mlima kwa mteremko mdogo uliopimwa kwa uangalifu, bila pampu, hadi kijijini, na hapo hugawanywa katika mifereji mitatu iliyo sawa. Mgeni akisimama pale anaona mgawanyo kwa macho yake: jiwe, kingo, na maji yanayokwenda njia tatu.

Mzee mmoja aliyezaliwa Unguja alinikaribisha kivulini mwa mitende. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya Mji Mkongwe, akanieleza utaratibu. Maji ya kunywa hutekwa kwanza, juu kabisa, kabla hayajaguswa na chochote. Kisha msikiti na mahali pa kuoga. Mashamba ndiyo ya mwisho, na kila shamba lina hisa yake ya muda, si ya ndoo. Zamani muda ulipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota. Kuna wakili anayesimamia falaj, kuna wasaidizi wake, kuna mshika daftari, kuna dalali wa kunadi hisa zilizotengwa, na fedha ya mnada hutengeneza mfereji.

“Ukikosa maji yako, mzee, unamwendea nani?”

“Sina haja ya kumwendea mtu, mwanangu. Kila mmoja hapa anajua zamu ya mwenzake. Akifungua nje ya wakati, mtaa mzima umemwona.”

Falaj haikuumbwa na watu wenye maji mengi. Iliumbwa na watu wa jangwani, na mgao wao ni mkali kuliko wa Nairobi. Tofauti ni kwamba mgao huo ni mali ya wote: umepimwa, umeandikwa, unaonekana, na una fedha yake ya matengenezo. Simtakii mama wa Mbotela maisha ya kijiji cha mitende. Namtakia haki ile ile ya kujua.

Yanayowezekana

Mtu anaweza kusema kwamba jiji la mamilioni si kijiji. Jibu liko Phnom Penh. Mwaka 1993, baada ya vita, jiji hilo la Kambodia lilikuwa likipoteza asilimia 72 ya maji yake, na yaliyofika yalitoka sehemu tu ya siku. Mhandisi Ek Sonn Chan, aliyepewa kuongoza shirika la maji la jiji, alianza na vitu vya kawaida: aliweka mita kwa kila mteja, wakiwemo wakubwa waliozoea kutolipa, akagawa mtandao katika maeneo madogo yenye mita kubwa mlangoni, akatuma vikosi vya kutafuta mivujo usiku, akawawezesha maskini kuunganishwa kwa malipo ya awamu. Upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6, na maji yakatoka saa 24. Shirika lilikuwa la umma kabla ya mageuzi hayo, na likabaki la umma.

Mbotela inaweza kuanza kidogo. Mita moja kubwa iwekwe pale bomba linapoingia mtaani, na kipimo cha presha kwenye nyumba ya mwisho. Namba hizo mbili zikilinganishwa kila zamu, zitaonyesha kama maji yanapotelea ndani ya mtaa au hayakufika kabisa. Ubao usimame penye njia kuu, uandikwe saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa, na jina la afisa wa zamu. Kamati ya mtaa iwe na daftari lake. Tangi la pamoja lililoinuliwa juu lijazwe kwanza kwa ajili ya safu za mwisho, ili mtu asilazimike kununua pampu ya kumnyonya jirani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji mlima mpya.

Na haraka ipo. Nyumba za zamani za jiji la Nairobi zimeanza kubomolewa. Mtaani Pangani tayari maghorofa yamepanda mahali pa nyumba za chini. Ikiwa Eastlands itajengwa upya kwenda juu huku mabomba yakibaki yale ya miaka ya 1950, ghorofa la kumi litanunua mitungi kama watu wa uani walivyonunua, na kuipandisha ngazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haipimwi Ndakaini, hata bwawa likifurika. Inapimwa kwenye mfereji wa nyumba ya mwisho, na wenye nyumba hiyo ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuisoma namba ya kipimo chake.