Pwani Isiyosema Kiswahili

Jina la Kiswahili limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Sisi wa Lubumbashi tumezaliwa nacho mbali kabisa na maji ya chumvi. Kwangu "mikoko" lilikuwa neno la kamusi tu.

Mwezi wa nane nilifika Muanda, kwenye pwani yetu fupi ya kama kilomita 40. Katika hifadhi ya mikoko, iliyoundwa mwaka 1992, sikuona hoteli wala kibanda. Mbele mawimbi, nyuma vilima vya mchanga vilivyoshikwa na majani, kisha msitu uliosimama topeni juu ya mizizi yake. Neno likapata mwili.

Mzee mvuvi aliyetuvusha kwa mtumbwi alisema nasi Lingala, lakini bahari aliitaja kwa Kikongo: "mbu". Kwetu mbu huuma usiku. Nilipomweleza, papa yule alicheka mpaka akaacha kupiga kasia.

Wako wanaodharau Kiswahili chetu kwa kuwa hakikuzaliwa pwani. Lakini lugha hufuata watu. Hiki chetu kilikua pamoja na wafanyakazi wa migodi, nacho kinastahili kuchunguzwa kama kilivyo.