Damu Chooni

Watu wengi huona aibu kusema habari za choo. Mimi pia niliona aibu. Kwa sababu ya aibu hiyo nilikaa miezi 3 nikihara damu, bila kumwambia hata mke wangu.

Ilikuwa mwaka 2015, wakati wa kuvuna pamba. Nilikwenda chooni mara 8 au 10 kwa siku. Choo kilikuwa na damu na kamasi. Tumbo lilininyonga. Nilivuna mstari mmoja, kisha nikakimbilia kichakani. Mke wangu aliona suruali zinanipwaya. Akaniuliza, "Baba Doto, unaficha nini?" Ndipo nikamwambia.

Nilinunua dawa ya amiba dukani. Nikameza. Sikupona. Nikanunua tena, mara 3. Jirani mmoja alisema nimerogwa. Mke wangu akaanza kunitengea sahani na kikombe. Simlaumu. Kuhara damu kunakoletwa na vijidudu huambukiza kweli, na sisi tuna watoto.

Mwisho nilikwenda zahanati. Mganga alitazama macho yangu na viganja, akasema damu imepungua mwilini. Akapima choo changu. Hakuona amiba wala mayai ya kichocho. Sisi tunaokaa karibu na ziwa hupata kichocho cha tumbo, nacho pia huleta damu chooni. Kwa hiyo usimeze dawa kwa kubahatisha kama mimi. Pima kwanza. Mganga akaniandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa, Mwanza.

Huko nilinyweshwa dawa ya kusafisha tumbo. Kesho yake daktari alipitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera katika njia ya haja kubwa. Haya niliona, sitaficha. Daktari mwenyewe alikuwa binti wa rika la mwanangu. Lakini alinionyesha picha kwenye kioo. Utumbo wangu ulikuwa mwekundu, umechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka. Alikata vinyama vidogo sana vikapimwe.

Majibu yalipotoka aliniita. "Baba, ugonjwa wako unaitwa koliti ya vidonda. Utumbo mpana umevimba na una vidonda."

Akanieleza vizuri. Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1 na nusu. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji kutoka katika mabaki ya chakula. Ukivimba haufyonzi vizuri, basi mtu huhara. Vidonda vyake hutoa damu. Mwili wetu una askari wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao huupiga utumbo wenyewe. Chanzo chake hasa wataalamu bado hawajakijua. Hauambukizi. Siku niliporudi nyumbani na habari hiyo, mke wangu alipakua ugali katika sahani moja.

Nilimwuliza daktari, "Nitapona lini?" Akasema, "Dawa za kuumaliza kabisa hatuna, baba. Tunazo za kuutuliza. Unaweza kulima na kulea watoto."

Alinipa predinisoloni ya kutuliza uvimbe upesi. Dawa hiyo haiachwi ghafula. Hupunguzwa kidogo kidogo kama daktari anavyoagiza. Alinipa pia sulfasalazini ya kumeza kila siku, na vidonge vya kuongeza damu. Akanionya kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, maana zinaweza kuuchokoza utumbo.

Baada ya wiki chache damu ilikatika. Nikanenepa. Mwaka 2018 nikafanya ujinga. Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chungwa, nikaogopa kwamba dawa inaniharibu figo. Tena nilijiona mzima. Kwa nini mtu mzima anywe dawa? Nikaacha bila kumwuliza mtu. Miezi 4 nilikaa vizuri. Mwezi wa 5 damu ilirudi, nyingi kuliko ya kwanza. Nilipelekwa hospitali nimelala, nikaongezwa damu chupa 2. Tuliuza ng'ombe mmoja. Rangi ile ya mkojo, kumbe, huletwa na sulfasalazini na haina madhara. Ningeuliza tu.

Siku hizi nameza vidonge vyangu asubuhi na jioni. Kadi yangu naisoma mwenyewe. Chakula nakula cha nyumbani. Ila ugonjwa ukianza kuchokoza, maharage huniletea gesi, basi nakula uji na wali, nakunywa maji mengi yaliyochemshwa. Mwenzangu mwenye ugonjwa huu anakula maharage bila taabu, lakini maziwa yanamsumbua.

Mtu aliyekaa na ugonjwa huu miaka mingi anaweza kupata saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo mwaka 2023, baada ya miaka 8, nilichunguzwa tena kwa ule mpira. Saratani haikuonekana. Daktari ameniandikia tarehe nyingine ya kurudi. Nauli nimekwisha kuitenga katika fedha za pamba, na mke wangu ndiye anayeitunza.