Datsun 240Z na Chumvi ya Mombasa

Mwaka 1987 nilinunua gari langu la kwanza, Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa iliyokwisha kufifia. Aliyeniuzia alikuwa mwenye duka mjini Mombasa aliyekuwa akihamia Kanada. Wenzangu bandarini walinunua saluni zenye nafasi ya watoto na magunia. Langu lilikuwa na viti viwili tu, na nililitaka tangu utotoni.

Aliyekulia Kenya enzi zile atanielewa. Pasaka ilikuwa mbio za magari za Safari: watu walihamia kando ya barabara na chakula chao, wakisubiri vumbi litokee. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na msoma ramani wake Lofty Drews, walimaliza kwa 240Z wakiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström aliyeendesha Datsun 1800 SSS. Ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kukatwa pointi. Shuleni tulibishana juu ya uamuzi ule muhula mzima. Mimi nilikuwa upande wa Mehta, na ningali.

Gari lile la mashindano lilikuwa na timu ya mafundi na stoo ya spea nyuma yake. Langu lilikuwa na mzee mmoja wa Majengo, gereji yake chini ya mwembe. Siku ya kwanza alijilaza chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akigonga hapa na pale kwa bisibisi. Alipotoka alijipangusa mikono.

“Mwanangu, injini hii itakuzika. Bodi hii utaizika wewe.”

“Basi tuanze na bodi, mzee,” nikamjibu.

Kuhusu injini alisema kweli tupu. Ilikuwa L24, silinda 6 katika mstari mmoja, sisi 2,393, kabureta mbili, na taimingi yake inaendeshwa na cheni. Mzee ndiye aliyenifunulia kwamba L24 ni ndugu wa L16, injini ya Datsun 1600 iliyojaa mjini wakati ule. Kipenyo cha silinda ni kimoja, milimita 83. Kwa hiyo ilipoanza kula oili hatukuagiza kitu ng’ambo. Tulinunua ringi za 1600, seti moja na nusu, tukafunga. Kabureta alizipatanisha kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akisikiliza pumzi ya hii kisha ya ile, akikaza skrubu taratibu mpaka zikavuta sawa. Sijaona kipimo kilicholishinda sikio lake.

Bodi ndiyo iliyonila mshahara. Nilikuwa nikikaa Likoni, na kila siku gari lilivuka kwa feri. Majira ya kusi upepo ulirusha maji ya chumvi mpaka vioo vikafanya ukungu mweupe. 240Z ilitengenezwa kwa bati jepesi, lenye mifuko mingi ambamo maji huingia yakakosa pa kutokea. Kutu ilianza chini ya betri, palipodondokewa na asidi. Ikashuka kwenye chesisi ya mbele, ikatambaa sakafuni chini ya zulia, ikala kizingiti cha mlango na tao za magurudumu ya nyuma. Chini ya kioo cha mbele majani ya mwembe yaliziba tundu za kupitishia maji, na bati la pale likaoza kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta.

Mzee alikataa katakata kupaka lami juu ya kutu, ingawa gereji nyingi zilifanya hivyo na wateja wakafurahi. Alisema lami hufungia maji ndani. Alikata mpaka afike kwenye bati zima, akachomea jipya, kisha akapulizia oili chafu ndani ya mifuko yote. Gari lilinuka oili wiki nzima, lakini mahali alipoponya palikaa.

Nililiuza mwaka 1994, baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa, kwa mtu wa Nakuru. Hewa kavu ya bara ililifaa kuliko bahari. Injini ilikuwa ileile niliyonunua nayo.

Siku hizi 240Z zinatafutwa duniani kote, na bei yake haina uhusiano na ile niliyolipa. Kijana unayetaka moja, nakusihi usianze kwa kuwasha injini, kwa sababu mlio wake utakulewesha. Toa betri, inua zulia, gonga bati kwa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Bisibisi ikizama, mwachie mwenyewe gari lake.