Mhakiki na Bao: Kumbukumbu za Usiku Mmoja Berlin

Wahakiki wa fasihi tuna mazoea ya kuuona mchezo kama sitiari tu. Tukikuta kete au karata ndani ya shairi, twakimbilia kuuliza inawakilisha nini. Ni nadra kuuliza mchezo wenyewe huchezwaje. Katika makala haya mafupi nakusudia kueleza jinsi mazoea hayo yalivyonifedhehesha mbele ya vijana wanne, katika baa ambayo sikuitarajia kunifunza lolote kuhusu ushairi wa Mombasa.

Mwaka 2019 nilihudhuria kongamano la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Kabla ya kurejea nyumbani nilipitia Berlin kumjulia hali mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akisomea mambo ya kompyuta huko. Jioni akaniambia, "Mwalimu, leo nitakupeleka wanakokwenda watu wa aina yangu." Kuta za baa hiyo zilijaa picha za filamu za Star Wars na ramani za nchi alizozibuni Tolkien. Kompyuta kuukuu zilipangwa juu ya kaunta kama vinyago, na ukuta wa nyuma ulisheheni masanduku ya michezo ya mezani. Watu wazima, wengine wenye mvi, walikuwa wameinama kimya kama watahiniwa. Niliagiza maji ya tufaha, tukaketi na wenzake watatu.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Catan, uliobuniwa na Klaus Teuber na kutolewa mwaka 1995 kwa jina lenye maana ya "Walowezi wa Catan". Wachezaji hujenga vijiji, miji na barabara kisiwani, huku wakibadilishana mbao, udongo, sufu, ngano na madini, hadi mmoja wao afikishe alama 10. Hapo uhakiki ukanipanda. Niliuliza: wenyeji wa kisiwa hiki wako wapi? Nikawaeleza kwamba kwa Mkenya neno mlowezi si jina la mkulima yeyote tu. Ni jina la mtu aliyegawiwa ardhi na serikali ya kikoloni kana kwamba ardhi hiyo haikuwa na wenyewe. Meza ikanyamaza. Kijana mmoja akakiri kwamba aliucheza mchezo ule tangu utotoni bila kulifikiria jambo hilo. Nikajiona mshindi kabla dadu hazijatupwa.

Kisha binti mmoja akaleta kibao cha Kalaha, chenye safu mbili za mashimo sita na ghala mbili pembeni. "Huu si mchezo wa kwenu?" akauliza. Nikamsahihisha kwa ufasaha wote wa darasani. Nilisema kwamba Kalaha ilianzishwa Marekani na William Julius Champion mwaka 1940. Kwamba jina mancala, linalotumiwa kwa jamii nzima ya michezo hii, latokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa sisi neno "nakili". Kwamba bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Nikataja kunamua, mtaji, nyumba na kichwa. Nikasimulia jinsi Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alivyolitungia bao ushairi karibu karne mbili zilizopita.

Binti yule akachora mashimo 32 juu ya karatasi, akakusanya kete kutoka masanduku mawili, akasema, "Basi tufundishe."

Niliweka kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo yanayofuata, nikabakiwa na 22 mkononi. Hapo ndipo ujuzi wangu ulipokomea. Kete zilizoliwa huingizwa kwa kichwa kipi? Nyumba hulazwa lini, na huchezwa lini? Nilifungua kinywa nikakifunga. Mwanafunzi wangu akaniokoa: "Mwalimu amechoka na safari." Uongo ule wa heshima uliniuma kuliko kicheko.

Babu yangu alikuwa na bao lake barazani, Mji wa Kale. Kila nilipomkaribia, baba yangu, aliyekuwa mwalimu, aliniita kutoka dirishani: acha bao, shika kitabu. Nikakishika. Kitabu kikanifikisha kwa Muyaka, kikanipa shahada ya uzamifu, na babu akafa bila ya mimi kuketi mbele yake hata mara moja. Kwa miaka mingi niliwatajia wanafunzi tasnifu ya Mholanzi Alexander de Voogt kuhusu umahiri wa bao, iliyowasilishwa Leiden mwaka 1995, wala sikuona haya kwamba mgeni yule aliketi na mabingwa wa Zanzibar ilhali mimi nilipita barazani kwa babu na mkoba wa vitabu.

Swali nililowatupia wale vijana kumbe lilinihusu. Ushairi wa bao una wenyeji wake. Nami nilijenga juu yake vijiji vyangu, makala baada ya makala, bila kuwabishia hodi.

Disemba ya mwaka ule nilimwendea mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, nikamwomba anifunze. Siku ya tatu aliniambia, "Mjukuu wangu, wewe watakata tu, huli." Kutakata, katika bao, ni kuzungusha kete bila kula kete za mwenzio. Neno hilo nilikuwa nimelifasili darasani mara nyingi. Sikuwa nimewahi kulisikia likisemwa juu yangu.

Sidai kwamba mhakiki wa shairi la vita lazima awe askari. Ila pale ambapo maarifa yaliyozaa shairi yangali hai, na wenye maarifa hayo wameketi umbali wa hatua mia moja, hatuna udhuru. Tangu mwaka 2020 bao la babu limo ofisini mwangu, na wanafunzi wa ushairi hucheza kabla ya kumsoma Muyaka. Wawili kati yao wamekwisha kunishinda. Barazani kwa yule mzee, mimi bado sijashinda.